Namna ya kusikiliza Animals ya Pink Floyd: anza na mbwa

Kazi yangu ni spika. Kibanda changu kiko Kariobangi Light Industries, Nairobi, na wateja wangu wakubwa ni wenye matatu wanaotaka besi ya kutetemesha vioo, halafu makanisa ya mtaani yanayotaka sauti ya pasta ivuke barabara. Jumapili alasiri, ibada zikishatulia huku mtaani kwangu Umoja, majirani huja kwangu tukasikiliza albamu moja, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Tumepitia rumba, benga, rege na roki ya kila namna. Iliyotugombanisha kuliko zote ni Animals ya bendi ya Uingereza, Pink Floyd, iliyotoka Januari 1977.

Maelekezo haya ni ya mtu ambaye Kiingereza cha nyimbo kinampita mbio, hajawahi kuvumilia wimbo wa dakika 17, na moyoni anashuku kwamba roki ni kelele za wazungu wenye nywele ndefu. Ukiweza kukaa kitako dakika 41 bila kushika simu, albamu hii itakusema wewe na mtaa wako. Nasema wewe kwa makusudi. Albamu inawagawa watu kuwa nguruwe walio juu, mbwa wanaowinda na kondoo wanaofuata. Wengi huisikiliza wakimtafuta nguruwe, kwa sababu Nairobi kila mtu anajua nguruwe ni nani na ana namba yake ya gari kichwani. Mimi nakushauri umtafute mbwa. Huyo ndiye mwenye albamu.

Kwanza, ujue unachoingia

Hii ni roki ya progresivu, ile ambayo mwanamuziki hajali kama redio itampigia au haitampigia. Wimbo unaweza kuanza kwa gita kavu, lile lisilo la umeme, ukalala usingizi katikati, ukaamka umevaa nguo nyingine. Nyimbo ni tano tu. Wa kwanza na wa mwisho ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili, kila kipande kama dakika moja na nusu. Katikati kuna wanyama watatu: mbwa (Dogs) dakika 17, nguruwe (Pigs) dakika 11 na ushei, kondoo (Sheep) dakika 10 na ushei. Shika hizo dakika vizuri, tutazirudia.

Waliopiga ni wanne: Roger Waters kwenye besi na sauti, David Gilmour kwenye gita na sauti, Richard Wright kwenye vinanda, Nick Mason kwenye dramu. Waliirekodi mwaka 1976 katika studio yao wenyewe ya Britannia Row, Islington, London, jengo la kumbi za kanisa walilonunua wakaligeuza. Maneno yote ni ya Waters. Uingereza ya mwaka huo haikuwa ile ya kwenye kadi za posta: bei zilikuwa zimepanda, viwanda vinayumba, na serikali ikaenda IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9. Nilipowasomea wageni wangu jambo hilo, mwalimu mmoja mstaafu wa nyumba ya juu alivua miwani. "Kumbe na wao walipiga magoti?" Tangu hapo hakuuliza tena kwa nini tunasikiliza muziki wa watu wa mbali.

Tayarisha spika, halafu usiziguse

Hapa ndipo fundi anaposema. Animals haikutengenezwa kwa besi ya matatu. Ukiiweka kwenye mtambo ambao besi imepandishwa hadi mwisho, gita kavu la mwanzo wa Dogs litamezwa na utabaki na mtetemo. Rudisha vitufe vya besi na trebo katikati. Toa spika kwenye pembe za ukuta, maana pembe huongeza besi hata usipoitaka. Shubiri mbili kutoka ukutani zinatosha. Ziinue zifike usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Kwangu zimekaa juu ya kreti za soda zilizowekewa gunia chini, na hakuna aliyewahi kucheka baada ya kusikia. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kiti chako. Kama una kale kaspika kamoja ka bluetooth, utasikia nyimbo lakini utapoteza chumba kizima kilichoko kati ya kushoto na kulia. Afadhali hedfoni nzuri za waya, na usikilize peke yako.

Sasa la muhimu kuliko yote: sauti ipimwe kutoka mwisho. Nenda kwenye wimbo wa Sheep, dakika mbili za mwisho, pale gita linapopiga kwa ushindi. Weka sauti iwe kubwa kiasi cha kukujaza bila kukuumiza, na bila mwenye nyumba kuja kubisha. Halafu rudi mwanzo na usiguse kitufe tena. Wimbo wa kwanza ni mtu mmoja na gita lake, na utaona kama sauti ni ndogo. Mkono utakuwasha. Uache uwashe. Watu wakishapandisha sauti pale, wanaishusha tena mbwa wakianza kubweka, na kutoka hapo kila mtu anacheza na kitufe na hakuna anayesikiliza.

Usitumie programu ya bure inayochanganya nyimbo na kukatiza kwa matangazo. Ukiweka tangazo la mkopo wa simu katikati ya Dogs utacheka, ni kweli, lakini uzi utakuwa umekatika. Pakua albamu yote mapema ukiwa na bando. Kuna toleo la zamani, na kuna lile lililochanganywa upya na James Guthrie mwaka 2018 likatolewa 2022. Kwa masikio yangu jipya lina besi na dramu zilizo wazi zaidi, na la zamani lina moshi fulani unaofaa habari yenyewe. Kama ni mara ya kwanza, chukua jipya. Tokeni za stima zinunue asubuhi.

Soma kurasa chache kabla

Waters alichukua wazo la wanyama kutoka Animal Farm ya George Orwell, iliyotoka 1945. Sisi tuna bahati: kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere kwa jina Shamba la Wanyama, kikachapishwa hapa hapa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967, miaka kumi kabla ya albamu. Nakala yangu niliitoa kwenye vitabu vya kutandazwa chini pale mjini, jalada limeshikiliwa kwa selotepu. Huhitaji kukimaliza. Soma mwanzo, pale wanyama wanapokusanyika ghalani, na ukurasa wa mwisho.

Kisha weka kitabu kando, kwa sababu albamu haikifuati. Orwell alikuwa akiwasema Warusi na mapinduzi yaliyoliwa na walioyaongoza. Waters anaisema Uingereza yake, nchi ya soko, ambako hakuna aliyepindua chochote. Katika kitabu mbwa ni askari wa nguruwe, wamelelewa mafichoni ili wang'ate wanapoagizwa. Katika albamu mbwa hajaagizwa na mtu. Amejiajiri.

Upande wa kwanza: usikimbie mbwa

Cheza Pigs on the Wing, ile sehemu ya kwanza, na usiseme chochote. Ni wimbo mdogo wa mapenzi ambao Waters alimwandikia mkewe wa wakati ule: kama tusingejaliana, mimi na wewe, tungekuwa tunapita tu kwenye uchovu na maumivu, tukiangalia juu mara moja moja katikati ya mvua, tukijiuliza nani wa kulaumiwa na kuchungulia nguruwe wanaoruka. Utaisha kabla mtu hajapata nafasi nzuri ya kukaa.

Kabla ya Dogs, simamisha. Waeleze wasikilizaji kwa Kiswahili habari yote ya wimbo, kwa ufupi, halafu unyamaze hadi uishe. Usitafsiri wimbo ukiendelea. Hakuna kitu kinachoua muziki kama mtu anayesema "sasa hapa anamaanisha" kila baada ya sekunde kumi. Mimi husimulia hivi. Kuna mtu anayefundishwa kuwinda mjini. Anajifunza kulala jicho moja wazi, kumnusa aliye dhaifu, kupiga bila kufikiri mara mbili. Baadaye anajifunza mambo ya adabu: tai nzuri, salamu ya mkono ulioshika vizuri, tabasamu, kukutazama machoni, ili ukishamwamini na kugeuka, kisu kiingie mgongoni bila shida. Anafanikiwa. Anazeeka akiangalia nyuma yake kila wakati. Mwisho ni mzee peke yake, ana saratani, na yale mawe aliyowatupia wengine ndiyo yanayomvuta chini ya maji.

Sasa cheza. Gita kavu litakuja polepole kutoka mbali. Gilmour alilegeza nyuzi zote hatua nzima, ndiyo maana lina uzito ambao gita la kanisani halina. Yeye ndiye anayeimba nusu ya kwanza, kwa sauti tamu. Utamu huo ni sehemu ya hila. Msikilize kama unavyomsikiliza dalali wa ploti siku ya kwanza, kabla hujajua kwamba ploti hiyo ina wenyewe wengine watatu, kila mmoja na hati yake. Solo zinapokuja usihesabu noti. Sikiliza jinsi magita mawili yanavyopandana kwa pamoja, yanalia kama kitu kimoja, halafu yanaachana.

Karibu na katikati, neno la mwisho la ubeti, lile la jiwe, linaanza kurudiwa. Linarudi, linarudi, linapoteza umbo la neno, linageuka upepo, na chini yake kinanda cha sinthesaiza cha Wright kinatambaa polepole. Halafu mbwa wa kweli wanabweka, ila sauti yao imepitishwa kwenye vokoda, mashine inayoifanya sauti iongee kupitia kinanda. Si mbwa tena, wala si ala. Hapa ndipo wasiozoea huuliza kama wimbo umeharibika. Kondakta mmoja wa matatu za mtaani kwetu alisimama akaelekea mlangoni. Nilimwambia, "Kaa, bro, bado anazama." Akakaa. Dakika kadhaa hakuna kinachotokea ila kuzama huko, na mimi nasema ndiyo sehemu bora ya albamu nzima, ingawa najua wenye gita watanipinga.

Gita kavu likirudi, anayeimba ni Waters. Sauti si tamu tena. Ni ya mtu aliyeamka saa nane usiku akaona kwamba amechezewa yeye mwenyewe. Ukifika mwisho utasikia orodha ya maswali yanayouliza ni nani, mstari baada ya mstari: nani aliyezaliwa katika nyumba ya maumivu, nani aliyefunzwa asiteme mate kwenye feni, nani aliyeambiwa la kufanya, nani aliyevunjwa na watu waliosomea kazi hiyo. Mbwa naye alitengenezwa na mtu. Hapo sijui kama namhurumia au la, na nadhani Waters hakujua pia.

Wimbo ukiisha, zima. Kwenye santuri upande wa kwanza unaishia hapo hapo, na lazima uinuke ugeuze. Hata kama unatumia simu, jifanye unageuza. Weka chai. Na uulize swali moja tu: mbwa ni nani mtaani kwetu?

Kwangu swali hilo lilichukua muda kuliko upande wote wa pili. Mama wa mandazi alimtaja askari wa kanjo, yaani wa jiji, anayechukua beseni halafu anauza mandazi yaleyale kwa bei nusu stendi nyingine. Mwalimu alimtaja mwenye shule ya uani anayezuia ripoti za watoto. Kijana anayefanya kazi ya kupiga simu za kudai mikopo, ile ya kumpigia hata shangazi ya mdaiwa, hakumtaja mtu, aliangalia kikombe. Kondakta akasema nauli ya mvua si yake, ni ya mwenye gari. Mwalimu akanigeukia: "Na wewe fundi, anayekuja na Prado unamtoza ngapi kwa spika ileile?" Nilikwenda jikoni kuongeza maji.

Hapo ndipo zile dakika 17 zinapojieleza. Waters amempa nguruwe dakika 11 na kondoo 10, lakini mbwa amepewa karibu nusu ya albamu na karibu upande mzima peke yake. Katika mji wa kutafuta, wakubwa ni wachache na wanajulikana. Wenye kung'ata ni wengi, na wana majina yetu.

Nguruwe, kwa ufupi

Pigs (Three Different Ones) ndio wimbo rahisi kumfurahisha mgeni. Unaanza na mikoromo ya nguruwe, ogani, na besi inayotembea kwa maringo. Hiyo besi ilipigwa na Gilmour. Kengele ya ng'ombe inagonga mapigo, na kichwa kinaanza kutikisika chenyewe. Usiwazuie watu kucheza. Katikati gita linakoroma lenyewe kama nguruwe: Gilmour alitumia mrija uliotoka kwenye spika ndogo hadi mdomoni mwake, akawa anaumba sauti ya gita kwa midomo. Kama fundi, hicho ni kifaa ambacho ningependa kukifungua.

Beti tatu, nguruwe watatu. Wa kwanza ni mkubwa wa biashara. Wa pili wengi humtaja Margaret Thatcher, aliyekuwa kiongozi wa upinzani tangu 1975, lakini wimbo haumtaji. Wa tatu ametajwa wazi: Mary Whitehouse, mama aliyeongoza kampeni ya kusafisha televisheni ya Uingereza dhidi ya matusi na ngono. Wageni wangu hushangaa. Mama wa maadili kawa nguruwe vipi? Waambie wasikilize vizuri: analaumiwa kwa kutaka kuziba hisia za watu ndani ya chupa. Kila nchi ina mtu wa namna hiyo, na Kenya ina kadhaa.

Hapa utataka kusimulia habari ya nguruwe wa jaladani, na usiizuie, maana ni nzuri. Picha ilipigwa kwenye kituo cha umeme cha Battersea, London, chenye mabomba manne ya moshi. Desemba 1976 walileta nguruwe mkubwa wa mpira aliyejazwa heliamu. Siku ya kwanza walikuwa na mlenga shabaha tayari na bunduki, endapo kamba ingekatika. Nguruwe hakupaa siku hiyo. Siku iliyofuata alipaa, kamba ikakatika, na mlenga shabaha hakuwa ameitwa tena. Nguruwe akaenda zake juu ya njia za ndege za Heathrow, akatua usiku kwenye shamba huko Kent. Picha iliyoko kwenye jalada iliunganishwa: anga ya siku moja, nguruwe wa siku nyingine. Kituo chenyewe kiliacha kuzalisha umeme 1983, na tangu 2022 ni maduka na nyumba za bei ya kutisha. Waters asingeweza kuandika ubeti bora.

Sisi wetu hawakuwa wa mpira. Mei 2013 wanaharakati, Boniface Mwangi akiwa mmoja wao, walipeleka nguruwe hai na watoto wake nje ya Bunge, damu ikamwagwa barabarani, kupinga wabunge waliotaka kujiongezea mishahara. Waliopita Parliament Road mchana huo bado wanasimulia. Mwonyeshe mgeni picha za siku ile baada ya wimbo, si kabla. Ukimwonyesha kabla, atasikia wabunge peke yao na ubeti wa tatu utampita.

Kondoo na Zaburi

Kwa Sheep, kuna maandalizi moja tu, na usiyaruke: mwombe mtu akariri Zaburi ya 23. Nairobi hutakosa mtu. Kila aliyepitia shule ya Jumapili anayo, Bwana ndiye mchungaji wangu, hadi bonde la uvuli wa mauti. Akimaliza, cheza.

Utasikia kondoo wakilia malishoni, na juu yao piano ya umeme ya Wright, peke yake, taratibu, ya kupendeza mno. Jambo la kuudhi ni kwamba hii ndiyo albamu ya kwanza ya bendi ambayo jina la Wright halimo kabisa kwenye waandishi wa nyimbo, na ilhali ondoa vinanda vyake uone kinachobaki. Besi inaingia, inakimbia, na Waters anapoimba mwisho wa mstari anaishika noti hadi sauti yake inayeyuka ndani ya sinthesaiza. Sikiliza ile sekunde ambayo huwezi kusema kama ni mtu au ni mashine. Hii ndiyo hila ninayowaomba watu waisikilize mara mbili, kwa sababu ndiyo maana ya wimbo wote iliyowekwa kwenye sauti: kondoo hajui lini alianza kuitikia asichokisema.

Katikati kunatulia, na sauti ya vokoda inasoma Zaburi. Mwanzoni ni ileile. Halafu mchungaji anawatundika kondoo kwenye ndoano za juu na kuwageuza nyama ya kukaanga. Mama wa mandazi, ambaye ni shemasi, alishika kifua: "Uwi, hao wametukana." Mwalimu akamwambia asubiri amalizie. Kondoo, inasema ile sauti, wanajifunza karate kimyakimya. Siku ikifika watainuka. Na wanainuka, dramu zinalipuka, wanawaua mbwa. Usimamishe hapo, ingawa watu watapiga makofi. Baada ya ushindi kuna mistari michache ya mwisho, na ndiyo migumu: habari imefika kwamba mbwa wamekufa, basi rudini nyumbani, fanyeni mnavyoambiwa, ondokeni barabarani kama mnataka kuzeeka. Kisha lile gita la ushindi, refu, linafifia hadi wanabaki ndege na kondoo wakila nyasi.

Kama kwenye chumba chako kuna aliyekuwa mjini tarehe 25 Juni 2024, mpe nafasi aseme. Kwangu alikuwepo. Siku ile waandamanaji dhidi ya Mswada wa Fedha waliingia Bunge, watu wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini. Kijana huyo alisikiliza Sheep akiwa amesimama. Wimbo ulipoisha akauliza, "Sawa, mbwa wamekufa. Nguruwe wako wapi?"

Nimerudia wimbo huo nikimtafuta. Hayumo. Hakuna nguruwe anayeguswa kwenye ule ushindi wote. Waliokufa ni wale wa katikati. Ukitaka swali la pili la kuuliza chumbani, ni hilo la kijana, na usilijibu wewe mwenye spika.

Pigs on the Wing, sehemu ya pili, itaingia wakati watu bado wanabishana. Waache wabishane, ila mtu mmoja asikilize. Ni gita lile lile la mwanzo, maneno yamebadilika: sasa anajua kwamba wewe unamjali, na anajijua kuwa ni mbwa, na hata mbwa anahitaji mahali pa kujificha nguruwe wakiruka. Waters alijiweka kwenye kundi gani, amesema mwenyewe.

Ukishamaliza

Usicheze albamu nyingine ya Pink Floyd siku hiyo hiyo. Masikio yatakuwa yamechoka na watu watalinganisha badala ya kusikiliza. Kama lazima ucheze kitu wakati sufuria ya pilau inaletwa, cheza cha nyumbani. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi ya roki iitwayo Black Savage, na ndani yake Job Seda, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ayub Ogada. Albamu yake ya 1993, yenye Kothbiro, ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, ambaye naye alitoka kwenye bendi ya roki ya progresivu, Genesis. Nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Waluo, baada ya sinthesaiza zote zile ni kama maji baridi, na mama shemasi atakusamehe.

Na kama umeipenda kiasi cha kutaka santuri yenyewe, nenda Kenyatta Market, kuna kibanda kinachouza santuri za zamani. Usinunue kwa kuangalia jalada. Itoe, ishike kwa kingo, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha: mikwaruzo myepesi inayoonekana kwa pembe moja tu haina neno, ila ule mstari ambao ukucha unanasa utaruka kila mara, na kwenye Dogs utaruka pale pale kwenye jiwe. Mwombe auzaye aipige upande wa pili kwanza, maana wengi husafisha upande wa kwanza tu, ule wanaowapigia wateja. Ukikuta nakala mbili, niwekee moja.